Kompyuta Ilipoacha Kuchelewa

Watu wanaoisema vibaya kompyuta nzito hawajawahi kuwa makatibu wa kikoba. Mimi ni katibu wa kikoba huku Mbagala, na kwa miaka kadhaa niliishi raha mustarehe chini ya kivuli cha kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa hiari yake, kwa saa iliyojipangia. Mwenyekiti akiuliza muhtasari wa kikao uko wapi, namjibu, "Mzee, kompyuta inawaka." Hakuna aliyewahi kubisha. Wala haukuwa uongo. Ilikuwa inawaka kweli. Ungepita dirishani kwangu jioni ungeiona taa yake ndogo ikipepesa, na ungesikia mkwaruzo wa kazi inayofanyika humo ndani kwa uchungu mkubwa.

Nyumbani ratiba nzima ilijengwa juu ya uzito huo. Mama watoto akisikia nimebonyeza kitufe, anabandika sufuria ya uji. Uji unaiva, kompyuta ndiyo kwanza inauliza neno la siri. Naliandika, nakunywa uji taratibu, naosha bakuli, nawasalimia majirani, narudi nakuta vidoti bado vinakimbizana kwenye skrini. Mwanangu wa darasa la tatu alikariri jedwali la kuzidisha akisubiri mchezo wake wa magari ufunguke. Mwalimu wake akaniandikia kijibarua cha pongezi kwa "ufuatiliaji mzuri wa mzazi". Nimekihifadhi.

Kompyuta yenyewe ilikuja nchini ikiwa mtu mzima. Ni mtumba wa Dubai, na kila kitufe chake kina herufi ya Kiarabu pembeni ya ile ya kawaida, jambo lililomfanya mama mkwe aiheshimu kuliko kitu kingine chochote sebuleni. Hakuruhusu mtu aweke kikombe juu yake. Ikichelewa kuwaka alisema ina subira, nasi tujifunze.

Ile subira ilikuwa na chanzo chake. Ndani ya kompyuta za namna hii mna diski ya kuzunguka: sahani nyembamba iliyopakwa utando wa sumaku, inasota mara 5,400 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea unakwenda na kurudi bila kuigusa. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11 na ushei. Mkono ukishafika mahali pake bado unasubiri kipande kinachotakiwa kizunguke kipite chini yake, na kwa wastani ni nusu mzunguko. Ukijumlisha safari ya mkono na hiyo nusu mzunguko, diski inahudumia maombi sitini au sabini hivi kwa sekunde. Kwa sikio ni mengi. Lakini mfumo endeshi kama Windows ukiamka huomba maelfu ya vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika kila pembe ya sahani, na wakati huohuo programu ya kuzuia virusi inataka kukagua kila kimoja kabla hakijapita. Mkono unabaki kukimbia huku na huko. Ule mkwaruzo niliokuwa nausikia ndio huo.

Tusiidharau lakini. IBM ilipotoa diski yake ya kwanza mwaka 1956, sahani zilikuwa 50, kila moja ina upana wa inchi 24, chombo kizima kama tani moja, na uwezo wake ni herufi milioni 5. Muhtasari wa vikao vyetu ungeingia humo. Picha za pasipoti za wanakikoba zisingeingia.

Aliyetuharibia maisha ni mpwa wangu. Anasoma chuo, na likizo zake zote huangukia nyumbani kwangu. Alikuja kunisaidia kuandika mahudhurio, akaikalia kompyuta, akasubiri, akasubiri, kisha mbele ya wajumbe wote akatamka, "Mjomba, kompyuta haina shida. Shida ni diski. Tuihamishie Windows kwenye SSD, itawaka kabla hujakaa kitini." Akaeleza kwamba SSD haina sahani, haina mkono, haina kinachozunguka. Data hukaa ndani ya chipu zikiwa chaji za umeme, kwa ufundi aliouvumbua Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980, na kipande chochote kinafikiwa ndani ya kama sehemu ya kumi ya milisekunde. Wajumbe hawakuelewa hizo chaji, ila "kabla hujakaa kitini" waliielewa wote.

Mimi nilisema jambo hilo ni zito na linahitaji tafakuri. Nikazidiwa kura.

Ikabaki fedha. Kikoba chetu kina mfuko wa jamii, na katiba inasema mfuko huo ni wa mambo mawili tu, ugonjwa na msiba. Mjadala ukawa mrefu kuhusu kompyuta iingie upande gani. Mama mmoja wa nyuma akasema kwa alivyoiona ikiwaka, ni msiba. Mwenyekiti akakata shauri: "Andika ugonjwa, kwa sasa." Uamuzi huo niliuandika kwenye kompyuta hiyohiyo, na ulimfikia Mwenyekiti wiki iliyofuata.

Kariakoo tulikwenda watatu: mimi, mpwa, na mweka hazina, ambaye anauza vitenge na hajawahi kuiacha shilingi ya kikoba itembee peke yake. Muuzaji alitoa za aina mbili. Moja ni kijiti cha bodi tupu, upana milimita 22 na urefu 80, ambacho kompyuta yetu haikuwa na mahali pa kukichomeka. Nyingine ni ya inchi 2.5, imevalishwa boksi bapa lenye umbo lilelile la diski ya zamani. Hiyo ndiyo yetu. Mweka hazina akaipima mkononi.

"Mbona nyepesi? Ina kitu humu?"

Muuzaji, kijana mstaarabu, akachukua moja iliyokufa akaifungua mbele yake. Humo ndani mlikuwa na bodi ndogo imejibanza pembeni, na sehemu iliyobaki ni wazi. Akaeleza kuwa ndivyo zilivyo hata zile halali. Boksi limeachwa na ukubwa wa zamani ili likae pale ilipokuwa inakaa diski. Yaani kitu kidogo kimepewa nyumba kubwa kwa sababu nyumba ilishajengwa.

"Kwa hiyo tunalipia hewa."

"Mama, unalipia chipu."

"Hewa tunabeba sisi."

Kimbembe chenyewe kilikuja muuzaji alipoichomeka kwenye kompyuta yake kuonyesha kwamba ni nzima. Boksi limeandikwa GB 256. Skrini imeandika 238. Mweka hazina aliiona kabla yetu sote. Akauliza kwa sauti ya chini, na waliowahi kumwona akidai marejesho wanajua sauti ile ni ya hatari kuliko kelele: "Nyingine kumi na nane amekula nani?"

Maelezo yapo, na ni ya kweli. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, na hapo GB moja inakuwa baiti 1,073,741,824. Baiti ni zilezile, bilioni 256, ila zikigawanywa kwa namba ile kubwa zinatoka 238. Muuzaji alilieleza hilo vizuri kabisa, akatumia na kikokotoo. Mweka hazina akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema amezaliwa kwa wakulima, lumbesa anaijua. Kule mkulima anaibiwa kwa kujaziwa gunia, hapa mnunuzi anaibiwa kwa kupunguziwa, na watu wa vipimo wakija Kariakoo waanzie duka hili. Foleni nyuma yetu ilikuwa imeanza kusikiliza kwa makini. Kijana wa watu akatoa kebo ya kuunganishia diski kwa njia ya USB, akaiweka juu ya boksi, bure, kufidia GB 18. Mweka hazina akaipokea bila kushukuru, maana mtu hashukuru kurudishiwa chake.

Kebo ile ndiyo iliyotuokoa baadaye, kwa sababu bila hiyo tusingeweza kunakili kwenye diski mpya ikiwa bado nje ya kompyuta. Sijawahi kumwambia mweka hazina. Akijua atataka nyingine.

Sasa ikaja hesabu ya nyumbani. Diski ya zamani ilikuwa ya GB 500, ambazo kwa kipimo cha Windows ni 465, nayo ilikuwa imejaa pomoni. Mpya ni 238. Ukitaka kuhamisha mfumo endeshi pamoja na kila kitu kilivyo, programu zikae palepale na maneno ya siri yakumbukwe, lazima kilichomo kwenye ya zamani kipungue hadi kienee kwenye mpya. Mpwa akatangaza wakati wa chakula cha usiku: kila mwenye vitu vyake kwenye kompyuta aje avitambue, visivyo na mwenyewe vitafutwa.

Asubuhi nilikuta viatu mlangoni.

Nilidhani kompyuta ni yangu. Kumbe mle ndani mlikuwa na mtaa. Kuna jirani aliyekuwa amehifadhi nakala ya hati ya kiwanja chake, akaja na mwanasheria wa familia, ambaye ni kaka yake. Kuna rekodi za mazoezi ya kwaya ya wanawake. Kuna orodha ya michango ya send-off ya binti ambaye sasa ana watoto wakubwa, na waliokuwa hawajamaliza ahadi zao walitokea kuunga mkono kwa nguvu zote kwamba faili hilo lifutwe. Kuna folda iitwayo USIFUTE, nyingine USIFUTE 2, nyingine USIFUTE KABISA, na moja iitwayo ZA MJOMBA ambayo haikuwa na kitu changu hata kimoja. Ilijaa tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na bwana mmoja anayesema peke yake sauti zote, ya mfalme, ya jambazi, ya mama mjane na ya mtoto mchanga. Mpwa alipotakiwa aanze yeye kufuta, ghafla akawa mtetezi wa hifadhi za taifa.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa harusi ya shemeji yangu.

Harusi ilirekodiwa kwa kamera kadhaa, na hata angani walirusha ile ndege ndogo. Video yake ina GB 40 na ushei. Ndoa yenyewe, niseme tu, video imeizidi umri. Shemeji alipoulizwa alijibu bila kufikiri: futeni, tena mkishafuta rudieni. Mpwa akasogeza kidole. Mama mkwe, aliyekuwa kimya kwenye kona yake na rozari, akasema, "Ndoa imekwisha. Lakini mama yangu anacheza mle." Ni kweli; bibi marehemu anaonekana pale katikati ya ukumbi, amekunja upindo wa kitenge, anawafundisha vijana namna ya kutumia kiuno kwa adabu. Hakuna picha nyingine ya mwendo tuliyo nayo ya bibi yule. Shemeji akasema basi ibaki, ila yeye asionyeshwe.

Tukadhani tumemaliza. Mpwa akaendelea kupekua, akacheka mpaka akajishika mbavu. Harusi ilikuwamo mara nne. Kila mtu katika ukoo, kwa wakati wake na bila kumwambia mwenzake, alikuwa ameinakili video ile kwenye folda yake kwa usalama. Ndoa moja ilikuwa imekalia zaidi ya theluthi ya diski. Wakati wote nilipokuwa nalaumu virusi, tatizo lilikuwa upande wa bi harusi.

Kufuta nakala tatu na kubakiza moja lilikuwa jambo jepesi, kila mtu alikubali, mradi inayobaki iwe yake. Mpwa akaonyesha kwa programu kwamba zote nne zinalingana hadi baiti ya mwisho. Haikusaidia. Mama mkwe alishikilia kwamba katika nakala yake bibi anacheza muda mrefu zaidi. Kuthibitisha hilo kulikuwa na njia moja tu, nayo tukaifuata: tukakaa sebuleni, tukaziangalia zote nne, kipande kile cha bibi. Alicheza muda uleule katika zote. Mama mkwe hadi leo hajakubali, ila katika ya tatu alishaanza kuimba, na shemeji aliyesema asionyeshwe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ikabaki ya mama mkwe. Hakuna aliyethubutu kupendekeza vinginevyo.

Uhamisho wenyewe tuliuanza jioni. Kompyuta yetu ni ya umri wa tundu la USB la zamani, lile linalopitisha megabaiti thelathini na kitu kwa sekunde, kwa hiyo kunakili GB mia mbili ni kazi ya karibu saa mbili. Betri yake ilikufa zamani. Inaishi kwa waya wa chaja tu, ukichomoa inazima papo hapo. Na mpwa alisema kwa msisitizo kwamba umeme usikatike katikati, maana nakala iliyokatika njiani haina maana yoyote. Akaisema hiyo, akabonyeza kitufe, na mita ya LUKU iliyoko ukutani ikaanza kulia kwamba uniti zinaisha.

Kilichofuata kilikuwa utawala wa hali ya hatari. Pasi ilipigwa marufuku. Friji likazimwa, jagi la kuchemshia maji likafichwa chini ya kitanda kwa sababu kuna watu humu ndani hawaaminiki na chai. Taa ilibaki moja, ya chooni. Televisheni ilizimwa katikati ya taarifa ya habari, na mama mkwe akasema hata enzi za vita vya Kagera waliruhusiwa redio. Nikanunua umeme kwa simu. Ujumbe haukuja, ukaja, nikapewa zile tarakimu ishirini, na nikatumwa ukutani. Mpwa ananisomea, mwanangu ananimulikia tochi, mama watoto anahesabu ili nisiruke namba, na kila mtu anatumia mpangilio wake wa kuzigawa, mwingine nne nne, mwingine tano tano. Mita ilikataa, ikakataa tena. Jirani mwenye hati ya kiwanja alikuja kuuliza hali ya hati yake, tukampa kazi ya kusoma. Ana sauti ya mnada. Ikakubali, na nadhani mtaa mzima sasa unazifahamu namba zile.

Programu ilifika asilimia 99, ikakaa hapo. Tukakaa nayo.

Ilipomaliza, mpwa alishika bisibisi ya nyota, akageuza kompyuta kifudifudi, akafungua kifuniko, akatoa diski ya zamani na kuiweka SSD mahali pake. Kazi hii ambayo niliiogopa kuliko zote ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Hata skrubu hazikubaki. Familia ikasogea. Mama watoto, kwa mazoea, akabandika uji. Mpwa akabonyeza kitufe.

Skrini nyeusi, na mstari mmoja wa Kiingereza uliosema hakuna kifaa cha kuwashia.

"Imesemaje?" mama mkwe akauliza.

"Inasema haioni diski yenye kuwasha."

"Si mmeitoa?"

Hapo mpwa alianza kubonyeza vitufe vya juu. Kuna kitufe cha kukuingiza kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta kabla mfumo endeshi haujaamka, na watengenezaji wa dunia hii hawakukaa kikao wakakubaliana kiwe kipi. Huyu ni F2, yule F10, mwingine F12, mwingine Esc, na unapewa sekunde moja au mbili za kubahatisha. Akawa anavigonga vyote kwa mikono miwili. Akaingia. Akatoka. Akaingia tena, akanyamaza kwa muda, kisha akasema polepole, "Mjomba, vile vidogo."

Wakati wa kunakili, programu ilituonyesha diski ya zamani imegawanyika mafungu. Moja kubwa, C, lenye kila kitu tunachokijua. Pembeni yake vipande vidogo, kimoja cha MB 100 tu, havina herufi wala hadhi. Mpwa alikuwa ameviondolea alama akisema tusibebe taka: "Hivi havina hata jina, mjomba." Basi kile cha MB 100 ndicho kinachobeba maelekezo ya kuwashia. Kompyuta ikiamka hukitafuta hicho kwanza, na hicho ndicho kinachoiambia Windows iko wapi. Tulikuwa tumehamisha nyumba yote, bibi akicheza ndani, na hakuna wa kufungua mlango.

Ikabidi kurudia upya jioni iliyofuata. Safari hii mpwa alibeba kila kitu, vyenye jina na visivyo na jina, na umeme tulinunua mchana. Jagi lilifichwa hata hivyo.

Nami nieleze kilichotokea ilipowaka, maana watu hudhani hapo ndipo penye furaha. Mpwa alibonyeza kitufe nikiwa nimesimama. Nilivuta kiti. Kabla sijakaa, skrini ilikuwa inauliza neno la siri. Haikukwaruza wala kutoa mlio wowote. Mama watoto alikuwa ameshika sufuria, maji hayajaingia. Akanitazama, akatazama kompyuta, akairudisha sufuria kabatini. Tangu siku hiyo uji wa asubuhi nyumbani kwangu umekosa wakati wake, na nikiutaka naambiwa niseme mapema. Mwanangu jedwali la kuzidisha limeishia la tisa. Mama mkwe ameacha kuitetea. Anasema siku hizi imekuwa na kiherehere.

Lakini walioumia kwa haki ni waliopiga kura.

Faili la mikopo ya kikoba ni jedwali kubwa. Lina kila mkopo, kila rejesho, kila faini ya kuchelewa, tangu tuanze. Zamani nikilifungua kikaoni lilikuwa linachukua muda wake. Tunaanza na dondoo nyingine, tunasoma barua, tunajadili msiba, tunakunywa soda, na linapofunguka jua limezama na watu wanaaga. Hoja ya madaiwa iliahirishwa kikao baada ya kikao, kwa kumbukumbu sahihi kabisa, "kutokana na hali ya kompyuta". Kikao cha kwanza baada ya SSD, Mwenyekiti alisema kwa bashasha, "Katibu, hebu tuone maajabu hayo. Fungua la mikopo." Nikagusa. Likafunguka lote, pamoja na zile safu nyekundu. Ya kwanza kwa juu, kwa kuwa jedwali limepangwa kwa ukubwa wa deni, ilikuwa na jina lake.

Hakuna aliyesema kitu. Mweka hazina akasogeza kiti chake mbele.

Yule mama wa nyuma aliyetaka ununuzi uandikwe msiba akasema yeye alisema mapema. Kuna mjumbe aliuliza kama SSD hizi ni salama kwa macho. Mwenyekiti, baada ya kukohoa, alitoa pendekezo kwamba kompyuta imefanya kazi kubwa na ipewe mapumziko, na kwamba kwa kikao hicho tutumie daftari. Daftari nilikuwa nalo. Nikasema, kwa unyenyekevu wote niliobaki nao, kwamba muhtasari wa kikao kilichopita umeshachapwa na uko tayari, kwa sababu nami kisingizio changu kilikuwa kimechukuliwa na haikuwa busara kuzama peke yangu. Marejesho ya mwezi ule yalikuwa mazuri.

Diski ya zamani haikutupwa. Mpwa aliitafutia kijumba chenye waya wa USB, tukarudishia humo tamthilia za Kikorea na mazoezi ya kwaya, na sasa inazunguka mtaani nyumba kwa nyumba, ikikwaruza kwa watu wengine. Nimeonya isiangushwe wala kugongwa ikiwa kazini. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele, na kikiigusa ndio basi. Onyo hilo limekuwa maarufu kuliko nilivyotarajia. Limevuka mkoa.

Ndivyo alivyonipigia shangazi wa Muheza. "Baba, nasikia huko mnahuisha kompyuta. Yangu nimeipandisha basi leo. Nimesikia zinaogopa kugongwa, basi usijali, nimeiweka katikati ya gunia la machungwa, pande zote machungwa. Nimemwambia konda lisiingie buti. Chaja imo."

Nikaenda Mbezi, stendi ya Magufuli, kulipokea. Gunia lilikuwa limewekwa kiti cha nyuma kabisa, peke yake, na abiria wote walikuwa wamesogea mbele. Waya wa chaja umetokeza mdomoni mwa gunia na kuning'inia. Konda alinitazama juu mpaka chini kabla hajanikabidhi.

"Mzee, hili lilianza kulia Segera. Linalia, linanyamaza, linalia. Watu wakataka tulishushe porini. Tulipokaribia Chalinze likakata lenyewe." Akasogea hatua moja nyuma. "Kwani lina nini?"

"Machungwa," nikamjibu.